Timu ya bao moja: kaimu wawili wa Taifa Stars na pointi zao mbilimbili

Dakika ya 88 bandani kwetu hakuna aliyekuwa amekaa. Ilikuwa Jumapili, Januari 21, 2024. Mpira ulianza saa 2 usiku kule San Pédro, Ivory Coast, na tangu dakika ya 11 kibao kilikuwa kinasomeka Tanzania 1, Zambia 0, bao la Simon Msuva. Zambia walikuwa kumi uwanjani tangu dakika ya 44, Roderick Kabwe alipolambwa njano ya pili. Nchi yetu ilikuwa haijawahi kushinda mechi hata moja ya fainali za Afrika, yaani AFCON, si Lagos mwaka 1980 wala Cairo mwaka 2019, na sasa zilikuwa zimebaki dakika mbili na zile za mwamuzi. Fundi cherehani aliyekuwa mbele yangu alikuwa amenyanyua kiti chake cha plastiki kwa mikono miwili, kiti kiko juu ya kichwa, anasubiri tu filimbi ailipue furaha. Halafu mpira ukatoka kwa Clatous Chama, Patson Daka akaruka, kichwa, nyavu. Fundi alikishusha kiti polepole mno, kama anamlaza mtoto aliyeshikwa na usingizi.

Neno la kwanza kusemwa banda zima halikuwa juu ya Daka. Wala Chama, ingawa Chama wakati ule ni mtu wa Simba, na watu wa Yanga walikuwa na haki yao ya kusema kitu (walikisema baadaye, siku tatu mfululizo). Neno lilikuwa hili: "Kaimu katumaliza."

Nimekaa na neno hilo muda mrefu. Nimeamua kulichambua sasa kwa sababu yaliyotokea kwa kaimu mwingine, karibu miaka miwili baadaye, yamelifanya lionekane la ajabu zaidi.

Tuanze na namna kaimu wa kwanza alivyofika pale. Adel Amrouche, kocha aliyewahi kupita Burundi na Kenya, alichukua Stars mwanzoni mwa 2023 na akaifikisha AFCON. Kabla ya mechi ya kwanza na Moroko alisema hadharani kwamba Moroko wana usemi mkubwa mno ndani ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, hadi kwenye waamuzi na muda wa mechi. Tukacheza nao Januari 17, tukala 3-0, Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu. Ijumaa ya Januari 19 CAF ikamfungia Amrouche mechi 8 na kumtoza faini ya dola 10,000. TFF, shirikisho letu la soka, nao siku hiyohiyo wakamsimamisha, mikoba akakabidhiwa msaidizi wake, Hemed Suleiman, na Juma Mgunda akawekwa pembeni yake kusaidia.

Hemed Suleiman jina lake la mpira ni Morocco. Kwa hiyo kocha amefukuzwa kambini kwa kuisema Moroko, na aliyeingia anaitwa Morocco. Bandani kwetu utani huo uliisha nguvu kabla hata ya Jumamosi jioni, kila mtu alikuwa ameshautoa na kila mtu alidhani ni wake.

Ijumaa mikoba, Jumapili mechi. Hapo katikati kuna siku moja na usiku mbili. Sijui kama wengi wetu tulioipigia kelele ile televisheni tuliwahi kuihesabu hivyo.

Jumatatu jioni kesi ilisikilizwa kwenye kijiwe cha kahawa, na nitaieleza kama ilivyokwenda, maana ilikuwa na mpangilio kuliko vikao vingi rasmi nilivyokaa. Upande wa mashtaka alisimama kijana wa bodaboda. Hoja yake ilikuwa moja na aliishika vizuri: kipindi cha pili chote mpinzani ana mtu pungufu, wewe unaongoza, bao la pili liko wapi? "Kaka, ukimkuta mwizi kafungwa mkono mmoja humsubiri afungue," alisema. Alidai timu ilirudi nyuma yenyewe, bila kusukumwa, na kwamba kocha mwenye kifua angewatuma mbele.

Sina ugomvi na hoja hiyo. Nikiwa na haki ya kumlaumu Hemed kwa jambo moja katika mashindano yale, ni hilo. Zaidi ya dakika arobaini na tano ukiwa na mtu wa ziada ni muda wa kutosha kumaliza mechi, na mechi haikumalizwa.

Upande wa utetezi alikuwa fundi, yule wa kiti. Yeye ni Mzanzibari wa kuhamia, kwa hiyo tulitegemea. Alisema Hemed ndiye aliyeipeleka Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mwaka 2017 kule Machakos na kufungwa na Kenya kwa matuta tu, kwa hiyo asiitwe mtu wa kuokotwa. Kisha akatoa neno ambalo tangu siku ile nimelisikia likirudiwa na watu ambao hata hawakuwapo: "Mzawa hapewi timu. Anapewa moto. Akiuzima anaambiwa asante rudi nyuma, ukimuunguza anaambiwa hana uzoefu."

Kelele zikapanda. Wapo waliosema kosa lote ni mdomo wa Amrouche; kocha gani anaingia kwenye mashindano kwa kugombana na wenye nyumba? Wapo waliosema kosa ni la TFF kumsimamisha upesi. Mmoja alitaka tujadili jezi. Hayo nayapita, hayakutusogeza.

Aliyetusogeza ni mzee wa kahawa. Huyu bwana ana umri wa kumkumbuka Peter Tino kwa macho yake, si kwa hadithi. Mwaka 1979 Stars ilikwenda Ndola ikihitaji sare, Tino akafunga, matokeo 1-1, na ndivyo Tanzania ilivyokwenda AFCON ya kwanza. Sare ya 1-1 na Zambia: mwaka ule ilitupeleka, mwaka 2024 tulikuwa tunaililia. Mzee hakulisema hilo. Alichofanya, alipanga vikombe vinne juu ya sinia, akachukua karanga kwenye bakuli la mteja mmoja bila kuomba, akaanza kuhesabu.

Kikombe cha kwanza Moroko, karanga nne: walitupiga sisi, wakatoka 1-1 na Kongo ya Kinshasa mchana wa Jumapili ileile. Cha pili Kongo, karanga mbili. Cha tatu Zambia, karanga mbili. Chetu, karanga moja.

"Sasa angalieni," akasema. Akatoa karanga moja kwenye kikombe cha Zambia, akaongeza mbili kwenye chetu. "Hii ndiyo dakika ya 87."

Tatu kwetu, moja Zambia. Tuko wa pili kwenye kundi. Ukiwa wa pili huhitaji hata lile kapu la washindwa bora, maana kwenye mfumo wa timu 24 yanapita makundi sita, wawili wawili, halafu wanaokotwa wa tatu bora wanne. Kisha akairudisha karanga ya Zambia na kuzitoa mbili zetu, na akakaa kimya, akiacha macho yetu kwenye kile kikombe chenye karanga moja.

"Mzee, tukiwapiga Kongo Jumatano?" bodaboda akauliza.

"Nne. Na nne hazina wa kuzikataa."

"Tukitoa sare?"

Mzee akaitafuna ile karanga.

Hapa naomba niache kijiwe kidogo nifungue daftari langu, kwa sababu kuna jambo ambalo siku ile hakuna aliyeligusa, na kwangu ndilo kisa chenyewe. Stars ilifuzu AFCON ile kwa kufunga mabao mangapi? Matatu. Mechi sita za kufuzu, mabao matatu. Moja dhidi ya Niger ugenini, sare. Moja dhidi ya Uganda kule Ismailia, Msuva. Moja dhidi ya Niger Dar es Salaam, Msuva tena. Halafu sare tasa Algeria mwezi Septemba 2023, ile ya kutukatia tiketi, tukaingia barabarani kupiga honi. Pointi nane, mabao matatu, tumefungwa manne. Tulifuzu tukiwa tumefungwa mabao mengi kuliko tuliyofunga.

Hiyo ni timu ya bao moja. Si tusi. Zipo timu nyingi za bao moja duniani na baadhi zina makombe. Lakini timu ya namna hiyo ina sharti lake: bao likipatikana mapema, maisha yake yote yanayobaki ni kulilinda, kwa sababu la pili halimo kwenye mazoea yake. Haikuwa na la pili kwa Uganda, haikuwa na la pili kwa Niger. Uliyemkabidhi timu hiyo Ijumaa usiku, atalitoa wapi la pili Jumapili, hata kama mpinzani ana watu kumi? Anaweza kubadili kikosi, kuwaamsha vijana waliopigwa tatu, kuwaambia nani amkabe nani kwenye mipira ya juu. Na kuna alichofanya: timu iliyotoka kuchapwa 3-0 ilifunga ndani ya dakika 11. Ila kuizoesha kufunga mara mbili ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo nilipomlaumu kwa bao la pili hapo juu, sikufuta lawama. Nimeipunguza uzito tu.

Jumatano ya Januari 24, saa 5 usiku, Korhogo. Wengine tulikuwa na kazi asubuhi na tukaenda hivyohivyo. Bandani televisheni ni moja, kwa hiyo ya Moroko na Zambia tuliifuata kwa simu ya bodaboda, akisoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Dakika ya 37: "Ziyech! Zambia kafungwa!" Watu wakashangilia Moroko, wale waliotupiga tatu, wale waliotuondolea kocha. Mpira una mambo. Kuanzia pale hesabu ilikuwa nyepesi mno, hata mtoto aliyekuwa anauza maji aliielewa. Bao moja. Si mawili. Bao moja dhidi ya Kongo na tuko wa pili, tunawafuata Misri.

Timu ya bao moja ikihitaji bao moja. Dakika hamsini na kitu za kulitafuta. Ikaisha 0-0.

Kundi likafungwa hivi: Moroko 7, Kongo 3, Zambia 2, Tanzania 2, sisi mkiani kwa tofauti ya mabao. Na Kongo waliovuka kwa sare tatu bila ushindi hata mmoja walikwenda kuwatoa Misri kwa matuta, wakawapiga Guinea 3-1 na kufika nusu fainali. Nilikuwa nasikia watu wakisema kundi letu lilikuwa gumu. Kwa yaliyofuata, mpaka wa tatu na wa nne walitengana na nusu fainali kwa bao moja moja.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda. Jumatano ileile, wakati sisi tunajiandaa kwenda bandani, wenyeji Ivory Coast walimwondoa kocha wao Jean-Louis Gasset. Siku mbili nyuma walikuwa wamechapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, watu wanalia jukwaani. Walikuwa na pointi 3 na tofauti ya mabao hasi 3, wako kwenye lile kapu la washindwa bora wanaomba wenzao wafungwe. Walijaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakakataa. Timu akaachiwa msaidizi, Emerse Faé. Kaimu.

Waliokolewa na bao la Ziyech. Zambia angepata sare angefikisha 3 na angewapita kwa tofauti ya mabao. Ndiyo maana siku ile Waivory walikuwa wanaimba jina la Moroko. Lakini chukua vikombe vya mzee uvirudishe kwenye dakika ya 87 ya San Pédro. Tuseme Daka hakuruka, na mechi za mwisho zikaisha kama zilivyoisha. Tanzania tuna 4, wa pili. Kongo ana 3, wa tatu, tofauti ya mabao sifuri. Kapuni anaingia Kongo badala ya Zambia, na Kongo mwenye 3 na sifuri anampita Ivory Coast mwenye 3 na hasi 3. Guinea na Namibia walikuwa na 4, Mauritania 3 na hasi 1. Mwenyeji nje.

Najua, najua: tungeshinda ile, Kongo wangecheza Korhogo kwa namna nyingine, na sare ile huenda isingekuwapo. Historia haichezwi upya kwa karanga. Ila kwa hesabu kavu, kichwa cha Daka kilichotuua sisi ndicho kilichompa uhai bingwa wa Afrika. Moroko wameshukuriwa sana Abidjan. Salamu za Lusaka sijasikia.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Faé akawatoa Senegal kwa matuta. Akawatoa Mali 2-1 akiwa na watu kumi, bao la kusawazisha likipatikana dakika ya 90 na la ushindi mwisho kabisa wa dakika za nyongeza. Akampiga Kongo 1-0, na Februari 11 akampiga Nigeria 2-1, Kessié na Haller.

Na kijiwe kikarudi kwa nguvu. "Huyo naye si kaimu? Mbona yeye?" Bodaboda alikuja na ushindi wake kama amekata rufaa akashinda. Lakini tazama vizuri kwenye ile mechi ya Mali. Ni mechi yetu na Zambia iliyogeuzwa. Mali ndio Tanzania: wanaongoza 1-0, mpinzani kumi, wanasubiri filimbi. Ivory Coast ndio Zambia. Sikumbuki mtu kijiweni aliyemwita kocha wa Mali mwoga. Tulimwita Faé mchawi tu. Ukishinda ukiwa kumi wewe ni mchawi, ukishindwa kumaliza kumi wewe ni mwoga, na mpira uliovuka mstari ni uleule. Halafu Faé benchi lake lilikuwa na watu wa kuingia na kufunga. Mabao ya pili na ya tatu yalikuwamo kwenye mifuko ya timu ile hata siku inapochapwa nne. Yalikuwa yamelala tu.

Hemed aliendelea kukaa kwenye benchi. Juni 11, 2024, kufuzu Kombe la Dunia, ratiba ikampeleka wapi? Ndola. Kwa nani? Zambia. Dakika ya 5 Waziri Junior akafunga.

Siku ile sikwenda bandani, nilikaa nyumbani na redio kwa sababu nilishajua nitakachokiona. Dakika 85 za kulinda bao moja, ugenini, wao wakiwa kumi na moja kamili. Kila mara mtangazaji alipotaja kona nilitoka nje kuangalia kama nguo zimekauka. Ilipofika 88 nilikuwa uani. Ikaisha 1-0.

Kocha yuleyule, mpinzani yuleyule, bao lilelile moja la mapema, safari hii lenye kazi ngumu zaidi ya kulindwa. Januari aliitwa mwoga kwa kurudi nyuma, Juni aliitwa fundi wa nidhamu ya ulinzi, na aliyetumia maneno hayo yote mawili ni bodaboda wetu, nilikuwepo mara zote mbili. Nilipomkumbusha alisema, "Kaka, mpira ni matokeo." Basi.

Novemba 19 mwaka huohuo, Dar es Salaam, Guinea. Ushindi tu ndio unaotupeleka AFCON 2025. Msuva, dakika ya 61. Bao moja, likalindwa, tukafuzu. Nafikiri kufikia hapo msomaji ameshaona kinachonisumbua. Agosti 2025 nyumbani, kwenye CHAN, fainali za Afrika za wanaocheza ligi za nchini mwao, Hemed akaongoza kundi, robo fainali tukatolewa na Moroko, moja bila. Kisha Novemba 2025, wiki chache kabla ya AFCON yenyewe, akaachana na timu, na tukapewa kaimu mwingine.

Miguel Gamondi hakuwa mgeni. Bingwa na Yanga msimu wa 2023/24, wakati huo yuko Singida Black Stars. Kijiweni mara hii mashtaka yaligeuka rangi, maana watu wa Simba ndio walioshika faili. Kwamba ni kocha wa klabu anaazimwa, kwamba ana kazi mbili, kwamba aliyehenyeka kufuzu amenyang'anywa sahani. Hilo la mwisho fundi alilisema bila kupaza sauti, akiendelea kushona.

Fès, Desemba 23: Nigeria 2-1. Charles M'Mombwa alisawazisha dakika ya 50, Lookman akajibu dakika mbili baadaye. Tarehe 27, Uganda. Msuva penalti, 1-0, na mimi nikaanza kusikia harufu ya San Pédro. Dakika ya 80 Uche Ikpeazu akasawazisha. Halafu, dakika za nyongeza, Uganda wakapewa penalti. Allan Okello. Bandani tuligeuka, karibu wote, tukatazama ukuta wenye picha za wachezaji zilizochanika. Tulijua kwa mlipuko wa nje, barabarani, kabla ya kugeuka tena: amepaisha juu ya mwamba.

Tarehe 30, Tunisia. Tumetangulia kufungwa kwa penalti, Feisal Salum akasawazisha dakika ya 48, 1-1 hadi mwisho. Pointi 2.

Pointi 2 zilezile za Korhogo. Safari hii Angola naye alikuwa na 2 na hasi 1, sawa kabisa na sisi, ila alikuwa amefunga mabao 2 na sisi 3. Comoro walikuwa chini yetu. Kwa hiyo usiku uleule, bila kusubiri makundi mengine, Tanzania ikaingia hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza tangu nchi iwepo. Barabara ya kwetu haikupitika mpaka saa 8 usiku. Bodaboda alibeba watu wanne, hakumtoza hata mmoja.

Ukipima makaimu wawili kwa pointi, wamefungana. Mmoja alitoka wa mwisho kundini akiwa na aibu, mwingine kaingia kwenye vitabu. Kilichowatenganisha si pointi, wala ushindi, maana wote wawili hawana ushindi hata mmoja kwenye hatua ya makundi. Ni mabao: Hemed alipata moja kwa mechi alizosimamia, Gamondi matatu. Na hata hayo matatu yalikuja moja moja, kila mechi bao lake, kama mtu anayelipa deni kwa vipande vidogo. Gamondi hakutuletea la pili pia. Alipata la kwanza kila siku, na bila mguu wa Okello uliopaisha, hata hilo lisingetosha. Tungekuwa na 1, Uganda angefikisha 3 na kupita, na mimi nina hakika ya maneno ambayo yangesemwa bandani, kwa sababu yalishasemwa.

Januari 4, 2026, Rabat, Moroko tena, wenyeji. Tulikaa vizuri hadi dakika ya 64, Brahim Díaz akafunga, 1-0, tukatoka. Hakuna aliyelaumu kaimu usiku ule. Watu walipiga makofi kwenye televisheni.

Kesho yake kijiweni mjadala ulikuwa mwingine: Gamondi apewe timu moja kwa moja. Bodaboda alikuwa na hotuba nzima, ameiandaa. Mzee alikuwa anasuuza vikombe, akamwacha amalize.

"Mechi ngapi?" mzee akauliza.

"Nne."

"Mabao?"

"Matatu, mzee."

Mzee akapanga vikombe juu ya sinia, akamwaga kahawa, akamsogezea cha kwanza fundi.